Kamera ya Nyuma Inapoharibika Katika Gari la Umeme



Gari la petroli linaporudi nyuma, mngurumo wa injini huwaonya walio karibu. Gari la umeme halina mngurumo huo. Mtoto anayepita nyuma yake sokoni Nakivale, au abiria aliyeshuka kando ya barabara ya Masaka pale Biharwe, huenda asitambue kwamba linamjia. Kwa sababu hiyo, tangu Julai 2021, Umoja wa Ulaya umelazimisha kila gari jipya la umeme litoe sauti linapokwenda polepole au kurudi nyuma. Magari ya zamani huenda yakakosa kifaa hicho. Kwa hiyo kamera mbovu si jambo la kupuuzwa.

Kwanza, futa lenzi kwa kitambaa laini chenye maji, kwani vumbi la kiangazi na tope la mvua huiziba. Ukungu usipofutika, maji yameingia ndani ya kamera, ibadilishwe.

Pili, ipimwe betri ndogo. Mota huendeshwa na betri kubwa, lakini kamera na taa hutegemea betri ya volti 12. Gari likiwa limezimwa, kipimo kikiwa chini ya volti 12, betri hiyo imechoka.

Tatu, kaza breki, weka gia ya kurudi nyuma, na mwenzako asimame ubavuni atazame taa nyeupe za nyuma. Zisipowaka, fundi akague fyuzi na ishara itokayo kwenye gia. Zikiwaka huku skrini ikiwa nyeusi, akague waya unaopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Hukatika kwa kukunjwa mara kwa mara.

Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na asiye na ujuzi. Hubeba umeme wa mamia ya volti, nao waweza kuua hata gari likiwa limezimwa.

Mpaka kamera ipone, shuka, lizunguke gari, piga honi, kisha urudi nyuma polepole ukiongozwa na mtu unayemwona kiooni. Akitoweka machoni pako, simama papo hapo. Wazazi nao wawakataze watoto kucheza nyuma ya magari yaliyoegeshwa.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112. Tahadhari kabla ya hatari.