Ngorongo hadi Kwa Mkapa kwa miguu: Piga hesabu kabla ya kufunga kamba za viatu

KUNA shabiki anayepanda basi kwenda kuona dabi ya Kariakoo, na kuna yule aliyeweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Kama wewe ni wa kundi la pili na unatokea Ngorongo, kule Rufiji, kaa chini kwanza tupige hesabu. Mapenzi ya timu peke yake hayamfikishi mtu Kwa Mkapa.

Swali kubwa ni moja tu: uende na msafara au uende kivyako?

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Ngorongo unapita Mkongo kwenda kuikamata Barabara ya Kilwa pale Kibiti. Huku ni vumbi, na masika likikolea ni tope. Mwenyeji hahitaji kukumbushwa mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti. Halafu kuna wanyama. Wazee wa Rufiji hawajamsahau simba aliyeua watu zaidi ya 30 kati ya mwaka 2002 na 2004. Huyo ni simba mwenye makucha, siyo wa Msimbazi. Kipande hiki usikitembee peke yako na usikitembee usiku. Tenga siku mbili.

Ukishafika Kibiti, lami. Mpaka Dar ni kama kilomita 140. Ukitembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku, hizo ni siku tano au sita: Bungu, Jaribu Mpakani, Kimanzichana, Mkuranga, Mbagala, halafu Temeke. Hapa adui ni malori na mabasi. Tembea upande wa kulia ili uyaone yakija, vaa jaketi la riflekta kama la bodaboda, na jua likizama uwe umeshapata pa kulala.

Kwenda kivyako kuna raha yake. Unaamka unapotaka, unapumzika unapotaka, hakuna wa kukusubirisha. Ila mguu ukivimba pale katikati ya Bungu na Jaribu, ni wewe na Mungu wako. Na mgeni anayetokeza kijijini jioni, peke yake, na begi mgongoni, lazima aulizwe anakwenda wapi. Eneo hili lilipitia kipindi kigumu cha mauaji mwaka 2017, hivyo watu wakikuhoji usinune. Beba kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji chako, na kila unapolala jitambulishe kwa viongozi.

Msafara nao una gharama zake, lakini tazama majirani zetu Uganda. Kila mwaka mahujaji wanatembea kwenda Namugongo kwa ajili ya Juni 3, Siku ya Mashahidi, wengine wakitokea mbali sana, hadi Kenya. Wengi wanatembea kwa makundi. Wana viongozi, njiani wanapokewa parokiani, wanapata maji na pa kujinyoosha. Shabiki naye ana tawi lake. Tawi la Kibiti likipiga simu Mkuranga, na Mkuranga likapiga Mbagala, umeshapata pa kulala bila kulipa gesti. Mkipata na bajaji moja ya kubeba maji na mizigo, hapo mmemaliza.

Sasa kuna jambo ambalo Namugongo hawana na sisi tunalo. Juni 3 haiahirishwi. Dabi yetu inaahirishwa.

Mei 8, 2021 muda wa mechi ulisogezwa mbele siku ileile, Yanga wakagoma, mechi ikaja kuchezwa Julai 3. Machi 8, 2025 Simba walisema hawachezi baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ikaahirishwa mashabiki wakiwa wameshafika Dar, tena ndani ya Ramadhani. Ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Hebu fikiria umetembea siku nane, malengelenge nyayo zote, halafu unaambiwa rudi nyumbani hadi utakapotangaziwa.

Ndiyo maana jibu langu ni msafara. Mechi ikifutwa, mwenye wenzake atapata pa kujibanza Temeke na mtu wa kumchangia nauli. Aliye peke yake atalala stendi.

Kama bado unataka kwenda kivyako, basi fanya hivi. Ungana na wenzako hadi Kibiti, kisha achana nao kwenye lami. Anza mazoezi mwezi mmoja kabla, kwa viatu vilevile utakavyosafiria. Kiatu kipya ni kidonda. Hesabu siku nane kurudi nyuma kuanzia tarehe ya mechi, ongeza siku mbili za akiba. Tembea kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, jua kali likupite ukiwa kivulini na dafu mkononi, uendelee saa kumi alasiri. Kila jioni mpigie mtu mmoja wa nyumbani umwambie umelala wapi.

Na nauli ya kurudi itenge tangu Ngorongo, usiiguse hata ukiona jezi mpya Kariakoo. Maana timu ikifungwa, hakuna anayerudi kwa miguu.