Kupima Ukweli wa Rejesta ya Kompyuta

Shirika lenye kompyuta nyingi hutunza kanzidata inayoorodhesha kila mashine, programu zilizomo, matoleo ya programu hizo, na huduma zinazoitegemea mashine hiyo. Tuiite rejesta. Matengenezo yote huanzia humo. Basi yafaa kuuliza, ukweli wake hupimwaje?

Sehemu moja ya jibu ni nyepesi. Huteuliwa kumbukumbu 100 kwa bahati nasibu, naye fundi huenda kuziangalia mashine zenyewe. Kumbukumbu 92 zikilingana na hali halisi, usahihi hukadiriwa kuwa asilimia 92, na kosa la sampuli ni kama 5 juu au chini.

Lakini kipimo hicho hakiigusi mashine isiyoandikwa kabisa, nayo ndiyo ya kuogopwa. Mwezi Machi 2017 ilitangazwa kasoro katika Apache Struts, programu itumiwayo kuundia tovuti. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayohifadhi habari za mikopo ya watu, iliagiza kasoro hiyo izibwe. Ikaitafuta katika mitambo yake isiione, wala haikuwa na orodha kamili ya mahali programu ilipotumika. Kati ya Mei na Julai wezi walichukua habari za watu wapatao milioni 147.

Je, kisichoandikwa kitahesabiwaje? Wataalamu wa samaki walikwisha kulifumbua fumbo hili. Huvua samaki, huwatia alama na kuwaachia, kisha huvua tena na kuhesabu wangapi wana alama. Kwetu sisi nyavu ni orodha mbili. Tuseme rejesta ina mashine 400, na chombo kinachopekua mtandao kimeona 300, ambazo 240 kati yake zimo katika rejesta. Maana yake rejesta hunasa 240 katika kila 300, yaani asilimia 80. Kwa hiyo mashine zote ni 400 ÷ 0.8 = 500. Orodha mbili zikiunganishwa zina 460. Mashine 40 hazikuonwa na yeyote!

Hesabu hii ina masharti. Mashine zilizokwisha kuuzwa zifutwe kwanza katika rejesta. Tena orodha mbili zisizaliane: rejesta iliyojazwa na chombo kile kile cha upekuzi italingana nacho kikamilifu bila kuthibitisha lolote. Na kwa kuwa mashine iliyosahauliwa na karani mara nyingi huwa imefichika hata kwa chombo, hizo 40 huenda zikawa pungufu ya idadi yenyewe.