Unyayo Uliopinda Hutibika

Ndugu msomaji, lowesha mguu wako, kisha kanyaga udongo mkavu. Tazama alama yake. Utaona kisigino, ukingo wa nje na vidole. Kwa watu wengi sehemu ya ndani haigusi chini. Hapo pana uvungu.

Uvungu huo una kazi. Ukikanyaga, hushuka kidogo na kupokea uzito wako. Ukiinua kisigino, unyayo hukaza na kukusukuma mbele. Ndiyo maana unapanda vilima vya Kisarawe na mzigo wa mihogo kichwani.

Wako watu wenye unyayo bapa. Kama hawasikii maumivu, huo si ugonjwa. Watoto wadogo nao huwa na unyayo bapa. Uvungu hujijenga wanapokua.

Lakini wako watoto wanaozaliwa na mguu uliogeukia ndani. Kisigino kimepanda juu. Unyayo unatazama mguu wa pili. Huu huitwa mguu kifundo, nao haujinyooshi wenyewe. Mtoto asipotibiwa atakanyagia ubavu wa mguu. Atapata vidonda na maumivu. Njia ya shule na ya shamba itakuwa mateso kwake.

Hii si laana wala si kosa la mama. Usimfiche mtoto. Mpeleke zahanati mapema, katika wiki za kwanza. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Tiba ipo. Daktari Ignacio Ponseti aliianzisha huko Marekani, na leo inatolewa hata Dar es Salaam, katika hospitali ya CCBRT, Msasani. Mtaalamu hunyoosha mguu polepole kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu. Kila wiki plasta hubadilishwa, kwa wiki 5 hadi 8 hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa ili kisigino kishuke.

Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fimbo. Kwa miezi 3 huvivaa mchana na usiku. Kisha huvivaa anapolala tu, mpaka afikishe miaka 4 au 5.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wanaona mguu umenyooka, wanaviacha viatu, na mguu unapinda tena. Ndugu mzazi, usichoke. Mvishe mtoto viatu hivyo kila usiku mpaka mtaalamu aseme basi.