Ugonjwa Usiotoka Damu

Hapa Igowole, wilayani Mufindi, mtu akivunjika mguu kwenye shamba la chai, pikipiki inapatikana papo hapo. Lakini mpwa wangu alipoanza kujibizana na watu tusiowaona, tulimficha ndani msimu mzima. Halali, haogi, uji anaumwaga akidai una sumu. Majirani wakasema karogwa.

Kumbe ilikuwa skizofrenia, ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa na matatizo ya akili, yaani mmoja katika kila wanane. Wengi wao wana sonona au wasiwasi uliopitiliza. Mzigo wa magonjwa haya hauonekani ukihesabu makaburi tu. Mgonjwa yuko hai lakini hafanyi kazi, na anayemuuguza naye shamba limemshinda. Dada yangu aliacha kuchuma chai kabisa ili amuuguze kijana.

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyoanzishwa 1927, iko Dodoma, na kwetu nauli ya kwenda huko ni hela ya mbolea. Siku hizi kijana anachomwa sindano ya ugonjwa huo kila mwezi, na mahindi anapalilia mwenyewe. Ninachodai ni sindano hiyo isikosekane huku vijijini, maana dawa ikikatika ugonjwa hurudi.