Jicho la Mtazamaji: Kutoka Panya wa Maabara Hadi Sokwe wa Gombe

Mnamo Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, kwa safari ambayo ingekuwa ya mwisho maishani mwake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuona mto Lualaba huko Nyangwe, katika nchi ya Manyema, naye alikuwa na tumaini kubwa kwamba huo ndio mwanzo wa Nile. Lualaba huelekea kaskazini, na Nile vilevile. Kwa mtu aliyetumia miaka mingi akiitafuta Nile, hilo lilitosha kumpa nguvu ya kuendelea, ijapokuwa shaka ilimjia mara kwa mara. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, asiwe amepata hakika. Ni Stanley aliyeufuata mto ule mpaka baharini katika miaka ya 1876 na 1877, ukadhihirika kuwa ni Kongo.

Kosa la namna hii haliwapati wasafiri peke yao. Humpata pia mwanasayansi aliyeketi maabarani, hasa yule ambaye kazi yake ni kuhesabu matendo ya wanyama. Uzito wa panya husomwa katika mizani, lakini hakuna mizani ya kupima woga, uchokozi au werevu. Chombo cha kupimia ni jicho la mtu, na nyuma ya jicho hilo kuna akili iliyokwisha kutarajia jambo fulani. Tatizo hili laweza kuitwa upendeleo wa mtazamaji. Si udanganyifu, kwani mdanganyifu anajua afanyalo. Mtazamaji huyu anaandika kwa moyo safi kabisa kile anachoamini kuwa amekiona.

Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha jaribio lililopata kujulikana sana. Wanafunzi 12 wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa panya watano kila mmoja, wawafundishe kuchagua njia iliyo sahihi katika mzingile wenye umbo la herufi T. Nusu ya wanafunzi waliambiwa kwamba panya wao wametokana na kizazi kilichochaguliwa kwa werevu. Nusu ya pili waliambiwa kwamba wao wamepata panya wazito wa kujifunza. Kwa kweli panya wote walikuwa wa aina moja, nao waligawanywa bila kufuata sifa yoyote. Hata hivyo, panya walioitwa werevu walipata alama bora.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: je, ni macho yaliyokosea, au ni mikono? Swali hilo ni la haki. Waliodhani wana panya werevu walisema pia kwamba waliwapenda zaidi na kuwashika kwa upole zaidi, na huenda panya anayeshikwa vizuri hujifunza vizuri. Jaribio lile haliwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Kuyatenganisha kunahitaji mnyama ambaye hawezi kubadilika kwa namna yoyote, na mnyama wa namna hiyo ni yule aliye ndani ya filamu. Mwaka 2014 Frank Tuyttens na wenzake, nchini Ubelgiji, walieleza jinsi walivyowaonyesha wanafunzi wa utabibu wa mifugo picha zilezile mara mbili, kila mara kwa maelezo tofauti. Ng'ombe wale wale walionekana kuhema zaidi pale wanafunzi walipoambiwa kwamba siku hiyo joto lilikuwa kali zaidi kwa nyuzi 5. Hakuna ng'ombe aliyebadilika. Kilichobadilika ni neno moja lililosemwa kabla ya kutazama.

Ikiwa hayo humpata mtu aliyetulia mbele ya filamu, itakuwaje kwa mtu anayemfuata mnyama mlimani tangu alfajiri? Jibu moja linapatikana mwisho wa njia ya misafara yenyewe. Njia iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora iliishia Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, na kaskazini ya hapo ndipo ilipo Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwezi wa Julai 1960. Goodall aliwapa sokwe majina badala ya namba, na wataalamu wengine walimlaumu kwamba jina humfanya mtazamaji aone utu pasipo na utu. Lawama hiyo haikuwa ya bure, lakini ilielekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Hatari ilikuwa katika vitenzi. Mtu akiandika kwamba dume "alikasirika", ametoa hukumu. Akiandika kwamba nywele zake zilisimama, akakimbia hatua kadhaa na kutikisa matawi, ameacha ushahidi ambao mwingine aweza kuupima.

Jambo hili lilikuwa na uzito wake. Mnamo Januari 1974 Hilali Matama, mmoja wa watafiti Watanzania wa Gombe, alishuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia vikali Godi, dume wa kundi la Kahama. (Kahama hii ni bonde ndani ya Gombe, si ule mji ulio kaskazini ya Tabora.) Kufikia 1978 kundi la Kahama lilikuwa limetoweka. Wengi duniani hawakutaka kuamini kwamba sokwe huuana namna hiyo. Mwaka 1991 Margaret Power alidai kwamba ndizi walizopewa sokwe na watafiti ndizo zilizozua ukatili. Tangu wanafunzi wanne walipotekwa nyara Mei 1975, kazi ya kufuata sokwe kila siku ilikuwa mikononi mwa Watanzania, ambao huandika kwa Kiswahili na kujaza fomu maalumu. Mabishano ya dunia nzima yalikuja kutegemea daftari hizo.

Mwaka 2014 Michael Wilson na wenzake walikusanya kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe barani Afrika. Walihesabu mauaji 152, kisha wakayagawa: 58 yalionekana kwa macho, 41 yalikisiwa kutokana na ushahidi, 53 yalishukiwa tu. Walihitimisha kwamba athari za binadamu hazielezi mauaji hayo. Msomaji aweza kukubali au kukataa. Angalau anajua ni yapi yaliyoonekana na ni yapi yaliyodhaniwa.

Mtego mwingine ni kelele. Dume anayepiga mayowe hulivuta jicho, na jike anayekula kimya husahauliwa. Jeanne Altmann, mchunguzi wa nyani wa Amboseli, Kenya, alionyesha mwaka 1974 kwamba dawa yake ni saa: mtazamaji achague mnyama mmoja mapema, na kila muda uliopangwa ufikapo aandike alichokuwa akifanya, kiwe cha kusisimua au cha kuchosha. Kwa njia ya namna hiyo sokwe wa bonde la Issa, magharibi ya Tabora upande wa Ugalla, walichunguzwa kwa miezi 15. Dhana ya zamani ilitarajia kwamba katika miombo iliyo wazi sokwe angetembea zaidi ardhini, na huko ndiko angesimama kwa miguu miwili. Matokeo yaliyochapishwa 2022, yenye kumbukumbu zaidi ya 13,000, yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya kusimama huko kulitokea juu ya miti.

Shule yoyote yenye vifaranga yaweza kufanya jaribio la kwake. Kundi moja lipewe pumba tupu, jingine pumba na dagaa, na wanafunzi wawili wahesabu midonoo kwa dakika 5, kila mmoja akiwa peke yake. Kwanza waafikiane kwa maandishi mdonoo ni nini, na kama kugusa ardhi bila kuokota kitu nako kuhesabiwe. Kwa kuwa dagaa huonekana na kunusika, hesabu ifanywe jioni, vyombo vya chakula vikiwa vimekwisha kuondolewa. Karatasi inayoonyesha kundi lipi lilikula nini ikae kwa mwalimu ndani ya bahasha, mpaka hesabu zote ziwe zimeandikwa kwa wino.