Usiamini macho: Pima mwanga wa video kabla hujamkabidhi mteja

Kila Oktoba, maelfu ya Wakatoliki hufurika Subukia, Kaunti ya Nakuru, kwa maombi ya kitaifa katika kituo cha hija cha Bikira Maria. Kwa kijana mwenye kamera, hiyo ni siku ya kazi. Pia ni mtihani: kanzu nyeupe za mapadri, nyuso nyeusi za waumini na jua kali la karibu na ikweta, zote kwenye picha moja.

Ukiongeza mwanga ili nyuso zionekane, kanzu zinaungua na kubaki doa jeupe. Ukizilinda kanzu, nyuso zinazama gizani. Giza kidogo unaweza kuliinua baadaye, ingawa chenga zitaonekana. Lakini sehemu iliyoungua haina kitu tena, hakuna programu ya kuirudisha. Kwa hivyo linda weupe, kisha simama upande ambao jua linaangukia nyuso.

Sasa uko kwa laptopu unahariri. Hapo ndipo macho hudanganya. Ukikaa kando ya dirisha, video itaonekana nyeusi, utaongeza mwanga kupita kiasi. Ukihariri usiku, mambo yanageuka. Dawa yake ni grafu ya mwangaza, ambayo hata DaVinci Resolve ya bure inayo. Grafu haijali kama ni mchana au usiku.

Zijue pia namba zako. Katika video ya biti 8, ngazi za mwanga ni 0 hadi 255, lakini kwa runinga weusi huanzia 16 na weupe huishia 235. Faili ikitoka na ngazi zote huku kifaa kikiisoma kama ya runinga, nywele, nyusi na suti nyeusi zinageuka kitu kimoja. Kinyume chake, picha inapauka kama imepakwa majivu.

Shirika la utangazaji la Ulaya, EBU, katika mwongozo wake wa R 103, linataka ngazi zibaki kati ya 5 na 246, na vitone vinavyozidi hapo visipite asilimia 1 ya picha.

Kabla ya kukabidhi, itazame video yote, mwanzo hadi mwisho, kwa simu na kwa runinga ya kawaida. Mteja hajui grafu ni nini, lakini mamake asipoonekana uso, atajua. Na hapo mkwanja wako uko mashakani.