Miaka ya kujitolea ihesabiwe katika ajira za walimu



Naomba nafasi katika ukurasa huu nami nitoe yangu kuhusu vijana wanaomaliza vyuo vya ualimu na kukaa nyumbani. Kwamba ajira hazitoshi, wasomaji wengi wamekwisha kusema. Langu mimi linahusu jinsi zinavyogawiwa zile chache zilizopo.

Nilimaliza chuo mwaka 2015. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza mtihani hungoja miezi kadhaa, orodha ikatoka, kila mtu akaona jina lake na wilaya aliyopangiwa. Mjomba wangu alikwisha kuninunulia godoro na ndoo mbili za safari. Mwaka 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya ili iwaondoe watumishi hewa na kuhakiki vyeti, na Aprili 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki huo siulaumu hata kidogo, maana mwenye cheti cha kughushi huenda ndiye aliyekalia kiti changu. Lakini godoro lile nililialia kwa mjomba, na nililichakaza huko huko.

Nikaenda Dar es Salaam, nikazunguka na bahasha ya kaki katika shule za watu binafsi. Kila nilikofika swali lilikuwa hilo hilo: una uzoefu wa miaka mingapi? Hivi kweli, mtu ambaye hajapata kazi ya kwanza huo uzoefu ataukopa wapi? Katika shule moja mlinzi aliipokea bahasha yangu, akaiweka juu ya rundo la bahasha nyingine kando ya birika lake la chai. Nikajua pa kurudi ni nyumbani.

Kijijini kwetu, wilaya ya Nachingwea, mwalimu mkuu aliniambia, "Mdogo wangu, watoto wapo na ubao upo. Ingia darasani." Nikapewa Darasa la Pili, watoto zaidi ya tisini. Kwa kuwa elimu ilikuwa bila ada, wazazi walinichangia kwa hiari yao. Msimu wa korosho nilipata fedha, miezi mingine debe la mahindi, na mingine asante. Nilikaa hivyo miaka minne. Huko ndiko nilikojifunza kumfanya mtoto aunganishe silabi hadi asome neno, jambo ambalo chuoni nililiandika tu daftarini.

Zilipotangazwa nafasi 9,800 za walimu mwaka 2022, niliomba nikapata, nikaletwa huku Kilwa.

Sasa hapa Miteja tunafundisha na binti mmoja anayejitolea kama nilivyojitolea mimi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, mimi nilikuwa nimekwama Dar es Salaam nilikokwenda kwa matibabu. Binti huyo ndiye aliyeshika madarasa yangu pamoja na yake. Mwanzoni mwa 2025 alikwenda Lindi mjini kwenye usaili. Walioitwa nchi nzima walikuwa 201,707 kwa nafasi 14,648, yaani karibu watu 14 kwa nafasi moja. Hakupata.

Mzee mmoja mwalimu mstaafu alinichekesha kuhusu jambo hili. Yeye ni wa enzi ya UPE, baada ya Azimio la Musoma la 1974, walipochukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. "Sisi tulipewa darasa kabla ya cheti," alisema, "ninyi mna cheti mnaomba darasa."

Naomba wahusika waweke alama katika usaili kwa kila mwaka ambao mwombaji amejitolea katika shule ya Serikali. Najua tutaambiwa kuwa barua za kujitolea zitaandikwa kwa undugu, na ni kweli zitaandikwa. Basi barua isitoshe. Kila shule ina daftari la mahudhurio ya walimu, na anayejitolea asaini humo kila asubuhi kama sisi. Afisa Elimu Kata alikague kila mwezi na kugonga mhuri. Kughushi saini za miaka mitatu, kurasa kwa kurasa, ni kazi kubwa kuliko kufundisha.

Tena jambo hili lisicheleweshwe, kwani mwisho wa kuomba ni miaka 45 na umri haungoji tangazo.

Binti huyo ameomba tena. Katika daftari letu saini yake imo tangu Februari 2022, na leo asubuhi alisaini kabla yangu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Miteja, Kilwa.